Christiaan Huygens na saa mbili kwenye boriti moja

Wengi wetu tuliosoma fizikia kidato cha tano na sita tunamjua Christiaan Huygens kwa jambo moja tu, mawimbi ya mwanga, tena kwa kukariri ili mtihani upite. Mimi nimemrudia kwa mlango mwingine. Kamati ya utamaduni imeniomba, kwa kuwa eti mimi ndiye mhandisi, niandae mitambo ya kurekodi usiku wetu wa taarab na ngoma. Tuna vigeuzi sauti viwili, vile visanduku vinavyogeuza sauti ya maikrofoni kuwa tarakimu, na ukiviwasha kila kimoja kinataka kujua kwanza kifuate saa ya nani. Swali hilo, ndugu zangu, lilianza na Huygens.

Alizaliwa The Hague, Uholanzi, tarehe 14 Aprili 1629, katika nyumba ya watu wenye nafasi. Baba yake, Constantijn, alikuwa mwanadiplomasia, mshairi na mtunzi wa muziki, na watoto walifundishwa kupiga ala tangu wadogo. Christiaan alisoma sheria na hesabu Leiden, kisha Breda, lakini sheria haikumkaa. Mwaka 1655, kwa darubini aliyoitengeneza pamoja na kaka yake, aliugundua mwezi mkubwa wa Zohali unaoitwa Titan. Miaka minne baadaye akaeleza kwamba sayari hiyo imezungukwa na pete. Kwa mtu mwingine hayo yangetosha maisha mazima. Mimi nayapita haraka, maana kilichonileta ni saa.

Mwishoni mwa 1656 alibuni saa inayoongozwa na pendulamu, kile kipande kinachobembea kushoto na kulia bila kuchoka. Saa za kabla yake zilikuwa zikikosea kama dakika 15 kwa siku. Yake ilishusha kosa hilo hadi sekunde 15 hivi. Si mchezo! Lakini yeye hakuwa akiwaza ukuta wa sebuleni, alikuwa akiwaza bahari. Kila mmoja wetu anayepiga simu nyumbani anajua kwamba saa ya huku si saa ya kule. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo baharia akiwa na saa inayoshika wakati wa bandari alikotoka, akailinganisha na jua la pale alipo, anajua amekwenda umbali gani mashariki au magharibi. Bila saa hiyo alikuwa anabahatisha, na watu walikuwa wanakufa.

Mwaka 1664 Kapteni Robert Holmes, Mwingereza, alizijaribu saa za Huygens katika safari iliyofika São Tomé, akarudi na sifa kemkem, ingawa taarifa yake ilikuja kutiliwa shaka. Holmes huyo alikuwa Afrika Magharibi kwa kazi ya kampuni iliyofanya biashara ya dhahabu na ya watumwa. Kwa hiyo tunaposifu saa ya baharini, tukumbuke pia ilikuwa inakwenda kuwafanyia kazi akina nani.

Februari 1665 Huygens alikuwa mgonjwa kitandani, na mbele yake saa mbili zimetundikwa kwenye boriti moja iliyolazwa juu ya viti viwili. Akaona ajabu. Pendulamu zile zilikuwa zikienda pamoja barabara, moja ikija kushoto nyingine inakwenda kulia, bila kupishana hata kidogo. Alipozivuruga, baada ya kama nusu saa zilirudiana. Kwanza akadhani ni upepo wa pendulamu, akaweka ubao katikati. Wapi! Akazitenganisha, moja upande huu wa chumba na nyingine upande ule, na hapo zikaanza kuachana, sekunde tano kwa siku. Ndipo akafahamu kwamba ni boriti. Ilikuwa inatikisika kidogo mno, jicho halioni, lakini saa zilikuwa zinasikilizana kupitia mtikisiko huo.

Sasa rudini kwenye visanduku vyetu. Kila kimoja kina kipande chake cha kwatzi kinachopiga mapigo, na mapigo hayo ndiyo yanayopanga sauti ipimwe lini, sema mara 48,000 kwa sekunde. Vyote viwili vimeandikwa 48,000, lakini hakuna kwatzi mbili zinazolingana kabisa. Kimoja kikizidi kwa kipimo kimoja tu kila sekunde, baada ya saa nzima vimeachana vipimo 3,600, yaani milisekunde 75. Hapo dumbaki inasikika mara mbili. Ukiviunganisha kwa waya wa kidijitali bila kuvipatanisha, utasikia pia vile vishindo vya ta! ta! katikati ya wimbo.

Dawa yake ni kuvipa boriti. Kimoja unakiweka kwenye saa yake ya ndani, hicho ndicho kiongozi. Cha pili unakiweka kwenye saa ya nje, na unavuta waya wa omu 75 kutoka tundu la kutolea saa la kiongozi. Vyote viwe 48,000, na matokeo yatoke kwa biti 24. Kushusha hadi 44,100 na biti 16 kwa ajili ya CD kunangoja mwisho. Taa ya mfuasi ikiwa bado inapepesa, msianze kurekodi. Na jamani, viongozi wasiwe wawili! Saa za Huygens zilielewana zenyewe bila mkubwa, ila zilichukua nusu saa. Sisi hatuna nusu saa, bibi harusi wa igizo atakuwa jukwaani.

Huygens alifurahi, akaona saa mbili zinazosaidiana zingefaa baharini. Aliwaandikia Royal Society ya London, na baadhi yao wakaisoma habari ileile kinyume. Kama saa inayumbishwa na mtikisiko mdogo hivyo, itawezaje kuhimili mawimbi? Naona walikuwa na haki, na naona pia ilimuuma.

Mwaka 1666 alihamia Paris, kwenye chuo kipya cha sayansi cha Mfalme Louis XIV, na mwaka 1673 akatoa kitabu chake kikubwa cha saa. Maradhi yalimwandama, na mwaka 1681 akarudi The Hague moja kwa moja. Hakuacha. Mwaka 1686 saa zake zilisafiri kwa meli Alcmaer hadi Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hesabu ya saa peke yake, wakati wa kurudi meli ilikuwa imepita juu ya nchi kavu ya Ireland na Scotland. Badala ya kuzitupa, akakokotoa kwamba karibu na ikweta mzunguko wa dunia unapunguza uzito, hivyo pendulamu inakwenda polepole. Baada ya sahihisho hilo, njia ya meli ikarudi baharini.

Mwaka 1691 alichapisha barua ya kuigawa oktavu katika sehemu 31 zilizo sawa, muziki wa baba yake ukiwa bado kichwani. Hakuoa. Alifariki The Hague tarehe 8 Julai 1695, tatizo la longitudo likiwa bado halijatatuliwa. John Harrison, Mwingereza aliyekuja kutengeneza saa ya baharini iliyofaulu, wakati huo alikuwa mtoto wa miaka miwili.