Marehemu George Lilanga, Fundi wa Mashetani

Bwenini kwetu tuna mchezo wa mezani unaochezwa Jumamosi jioni. Wachezaji huzunguka meza, hurusha dadu, na kwa mawazo tu huingia katika nchi ya hatari. Mchezo mashuhuri wa namna hii, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974; sisi tunatumia kalamu na daftari kuukuu. Sharti letu ni kwamba mwenye zamu aunde zimwi lake mwenyewe.

Zamu yangu ilipofika nilichukua kichwa cha fisi, pembe za nyumbu na mkia wa mamba. Wenzangu walicheka. Sisi wa Mugumu wanyama hao tumewazoea! Basi nikaenda kutafuta namna mafundi wa kweli wanavyounda mazimwi, nikakutana na habari za marehemu Bwana George Lilanga.

Bwana Lilanga alizaliwa mwaka 1934 sehemu za Masasi, kusini mwa nchi yetu, katika kabila la Wamakonde. Tangu zamani watu hao huchonga vinyago vya kuvaliwa ngomani. Yeye alijifunza kwanza kwa mizizi ya muhogo, kwa kuwa ni laini na kuikosea si hasara. Mkono ulipokomaa alishika mpingo, mti mgumu unaotaka tezo kali, patasi na subira.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam. Jamaa yake Augustino Malaba, mchongaji stadi, alimsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa. Lakini hakuajiriwa kuchonga; aliajiriwa kuwa mlinzi wa usiku. Mtu wa karibu miaka 40, mwenye ufundi mikononi, akilinda kazi za wengine! Wengi wangevunjika moyo. Yeye aliendelea na sanaa yake, mpaka ilipoonekana, naye akaingizwa miongoni mwa wasanii.

Hapo zana zake ziliongezeka. Alichora kwa wino, akachora juu ya ngozi za mbuzi, akatia vitambaa rangi kwa njia ya nta, akafanya kazi za chuma, na baadaye akapaka mbao rangi kali za mafuta. Zana zilibadilika, lakini viumbe wake walikuwa wale wale: mashetani wenye masikio makubwa, macho ya kutokeza, midomo wazi, matumbo ya duara na vidole viwili au vitatu.

Si yeye aliyeanzisha mashetani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa, Mmakonde kutoka Msumbiji, alikwisha kuyachonga mjini Dar es Salaam. Ila mashetani ya Lilanga hayakukaa porini kutisha wapita njia. Yalicheza ngoma, yalikunywa pombe, yaligombana, yalipeleka wagonjwa hospitali. Kila aliyeyatazama aliwaona jirani zake.

Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani, na sifa yake ikaenea nchi nyingi. Baadaye ugonjwa wa kisukari ulimshika, hata akakatwa miguu. Hata hivyo hakuacha kazi. Vijana wa karakana yake walimsaidia. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2005, kabla mimi sijazaliwa.

Kwa maisha yake nimejifunza kwamba zana ya kwanza ya kuunda zimwi si tezo wala kalamu, bali ni jicho la kuwatazama watu. Pembe na mkia huja baadaye, au haziji kabisa.

Basi nilifuta zimwi langu nikaanza upya, na safari hii nilianza na mtu. Nikampa masikio mapana kama nyungo, lakini hasikii anapoitwa kusaidia. Nikampa tumbo kubwa, na mkono mmoja mrefu wa kukopa, bila mkono wa kurudisha. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyecheka. Kila mmoja alimtazama mwenzake, kisha akainamisha kichwa. Nami niliinamisha changu, maana nilikuwa na deni la kipande cha sabuni tangu mwanzo wa muhula. Asubuhi yake nililipa.