Robert Koch na dawa iliyoishia mlangoni mwa ubongo

JINA la Dk. Robert Koch hutajwa zaidi kwa sababu ya kifua kikuu, ugonjwa ambao alitangaza bakteria wake mjini Berlin Machi 24, 1882, na ambao utafiti wake ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Safari yake ya Ziwa Victoria, ambako alishindwa, husimuliwa mara chache.

Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 62, mwana huyo wa Clausthal aliongoza msafara wa Serikali ya Ujerumani wa kuchunguza malale. Kusini mwa koloni hilo vita vya Maji Maji vilikuwa havijazimwa, na Ubena, katika Nyanda za Juu Kusini, ilikuwa imekwisha kuingia vitani. Koch alianzia Amani, Usambara, akapitia Mwanza, hatimaye akapiga kambi katika Visiwa vya Sese, Uganda, ambako ugonjwa huo unaoenezwa na mbung'o ulikuwa ukifyeka vijiji.

Silaha yake ilikuwa atoksili, dawa yenye arseniki. Aliwadunga wagonjwa zaidi ya 1,000, na muda mfupi baada ya sindano vimelea vilitoweka katika tezi za shingo. Koch aliamini kuwa tiba imepatikana.

Haikuwa hivyo. Malale huanzia katika damu, kisha vimelea hupenya hadi kwenye ubongo, na hapo ndipo usingizi na kuchanganyikiwa huanza. Mishipa midogo ya damu ya ubongo imejengwa kwa seli zilizobanana mno; hupitisha hewa na sukari, lakini huzuia sumu nyingi na pia dawa nyingi. Damu ya mgonjwa ilisafishwa, huku adui aliyekwisha kuvuka ukuta huo akisalia salama. Wengi waliodhaniwa kupona waliugua tena.

Koch aliongeza dozi hadi gramu moja. Wagonjwa 22 walipofuka, kwa kuwa arseniki iliharibu mishipa ya fahamu ya macho. Huo ndio uamuzi usioweza kutetewa kirahisi, hata kwa daktari mwenye sifa kama zake.

Dalili za ukuta huo zilikwisha kuonekana. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, rafiki yake, aligundua kuwa rangi iliyodungwa katika damu ya mnyama hutia rangi viungo karibu vyote isipokuwa ubongo, ila akadhani ubongo hauipokei tu. Edwin Goldmann, aliyekuwa mwanafunzi wa Ehrlich, alidunga rangi katika maji ya uti wa mgongo mwaka 1913, na ubongo ukabadilika rangi. Koch alikuwa amefariki dunia huko Baden-Baden Mei 27, 1910.

Dawa iliyovuka ukuta, melasoprolo, ilipatikana mwaka 1949. Nayo ilikuwa ya arseniki, na iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya kila 20 waliotibiwa.