Daniel O'Connell, wakili aliyeogopa damu

Daniel O'Connell alizaliwa mwaka 1775 huko Kerry, Ayalandi, katika jamaa ya Wakatoliki. Wakati ule Mkatoliki hakuruhusiwa kuketi katika Bunge. Alianza kazi ya wakili mwaka 1798.

Mwaka 1815 alimuua mtu, D'Esterre, katika pigano la bastola la watu wawili. Jambo hilo lilimchoma moyo hata mwisho. Alimpa binti wa marehemu posho kwa miaka mingi, wala hakupigana tena hivyo. Mimi naona siasa yake haieleweki bila kaburi lile.

Mwaka 1823 alianzisha chama ambacho hata maskini alikisaidia kwa peni moja kwa mwezi. Mwaka 1828 alishinda uchaguzi wa Clare, na mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa. Katika Bunge la London aliongoza wabunge wa kwao, tena alipinga utumwa.

Oktoba 1843 aliita mkutano mkubwa huko Clontarf. Serikali iliukataza, ikaleta askari. Watu walikuwa tayari njiani, yeye akaufuta. Vijana wengi walimkasirikia, na serikali ilimfunga vilevile. Lakini siku ile kila mama alimpokea mwanawe nyumbani, mzima.

Alikufa Genoa mwaka 1847, njaa ikiwa inamaliza watu wake.