Mwili wa Lumumba na jamaa aliyoacha



Jina la Patrice Emery Lumumba wengi wetu tulilisikia kwa wazee, hapa Uvira ao kule kambini Tanzania. Alivyouawa tunajua. Lakini yaliyoipata jamaa yake hatuyasemi sana, na ndiyo yanatugusa sisi tunaosindikiza familia za marehemu mpaka parke.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 huko Onalua, Sankuru, mtoto wa Kitetela. Alifanya kazi ya posta Stanleyville, akafungwa juu ya pesa za posta, akatoka, akaenda Léopoldville kuuza bia. Mwaka 1958 alianzisha MNC pamoja na wenzake. Juni 1960 akawa waziri mkuu wa kwanza, hajafikisha hata miaka 35. Miezi mitatu haikutimia, Kasavubu akamfukuza.

Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule ule wakapigwa risasi, Wabelgiji wakiwepo. Baadaye maiti zikafukuliwa, zikakatwa, zikayeyushwa kwa asidi. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga ikatangaza kwamba wanakijiji ndio waliowaua, na kaburi halitaonyeshwa.

Hapo kwa wanakijiji tusimame kidogo. Uongo ule ulikuwa mwepesi kuuzwa, kwa sababu dunia ilikuwa imeshazoea kufikiri kwamba Waafrika huuana tu wenyewe kwa wenyewe. Ikisha kuwa fujo ya washenzi, nani ataitwa kujibu? Mama mmoja wa chama chetu alipeleka kesi ya mume wake katika biro fulani. Swali la kwanza: nyinyi ni kabila gani? Alipojibu, akaambiwa hayo ni mambo ya makabila, mukapatane huko kwenu. Kalamu haikuguswa.

Februari ile ya 1961, Pauline Opango alitembea barabarani Léopoldville na mtoto wake mdogo, kifua wazi kwa kilio, mpaka makao ya ONU, kuomba mwili wa mume wake. Picha yake ilizunguka dunia. Sisi tunaona mjane anayedai. Aliyezoea kutudharau aliweza kuona uchi peke yake. Mwili hakuupata.

Tume ya bunge la Ubelgiji ilikubali sehemu ya lawama mwaka 2001, na serikali ikaomba radhi 2002. Watoto hawakutosheka na radhi, wakafungua mashtaka Brussels 2011. Kumbe polisi mmoja wa Kibelgiji kati ya wale walioyeyusha maiti alijiwekea jino. Lilikamatwa 2016 kwa jamaa yake, na tarehe 20 Juni 2022 wakakabidhiwa watoto, ndani ya kisanduku. Likapitishwa Onalua, Kisangani na Katanga, halafu likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni.

Mama Pauline alikuwa ameshafariki, tangu Desemba 2014.