Salme na Kaka Zake

Salme alikuwa binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Alijifundisha kuandika kwa siri, na kalamu hiyo ikamtia mashakani. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alitaka kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa Sultani. Salme ndiye aliyemwandikia Barghash barua. Barghash akashindwa, akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe Salme.

Mwaka 1866 Salme alitoroka Unguja. Akabatizwa, akaolewa na Mjerumani. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu huko Hamburg akafa, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka huo huo Majid naye akafa, akatawala Barghash.

Mwaka 1885 Salme alirudi kudai urithi wake. Barghash alikataa hata kumwona. Kweli, Salme aliacha dini yao, tena alikuja na manowari za Kijerumani. Lakini fikiri: huyu ndiye Sultani aliyewaletea watu wa mji maji ya mabomba. Wageni walikunywa maji yake. Ndugu yake hakupata hata salamu.

Salme alikufa Ujerumani mwaka 1924. Alizikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa Unguja, alichokuwa amekitunza.