Mwalimu wa Matofali na Vyungu

Kila Oktoba kampasi nzima inamvaa Mwalimu kifuani. Fulana zinachapwa, bango linatundikwa kantini, mdahalo unaitishwa, na wa kwanza kushika maikrofoni anaanza na Azimio la Arusha. Sina ugomvi na Azimio. Ila mimi ni mtoto wa Bunda, barabara moja na kwao Mwalimu, na Nyerere ninayetaka kumsimulia hapa ni yule wa matofali, ngoma na vyungu. Huyo kwenye midahalo yetu hatajwi kabisa.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mvua zikinyesha, ndiyo maana akapewa jina la mzimu wa mvua, Kambarage. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Wewe unayesikia neno chifu ukaona kasri, futa hiyo picha: ni nyumba za udongo na nyasi, na mtoto wa chifu anachunga mbuzi kama wenzake. Kama vijana wengine wa Kizanaki wa enzi hizo, alichongwa meno ya mbele. Tazama picha zake akicheka utayaona. Sanaa ya kwao aliibeba mdomoni mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1955.

Kijiji cha wakati ule kilijitengenezea karibu kila kitu. Wazanaki na majirani zao walikuwa na wahunzi, Waturi, kundi lililokaa kivyake, lisiloruhusiwa kuoana na wakulima. Wanaume wao walifua majembe na mikuki, wanawake wao walifinyanga vyungu. Ajabu yake ndiyo hiyo: watu waliotengwa ndio walioshika jembe na chungu, na bila hivyo viwili hakuna nyumba iliyopata chakula. Ukishuka ziwani, upande wa Musoma, Wajita na Wakwaya walikuwa na mitumbwi na mitego yao ya samaki. Ukipanda kwa Wakurya unalikuta litungu, lile zeze kubwa la nyuzi nane ambalo mngurumo wake unausikia tumboni kabla ya masikioni. (Asiyewahi kulisikia aje Mara, asitegemee simu.)

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Kambarage alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita zaidi ya 40 kutoka nyumbani. Kutoka hapo ni hadithi mnayoijua: Tabora, Makerere, ualimu, kisha Edinburgh, alikomaliza shahada mwaka 1952.

Hapa ndipo napapenda. Karudi na shahada ya Uingereza, miaka 30, na mchumba, Maria. Anahitaji nyumba. Kijiji kinategemea msomi atafute mafundi, yeye asimame pembeni na kalamu mfukoni. Mwalimu akakunja suruali, akakanyaga udongo, akapanga matofali kwa mikono yake. Watu walishangaa, kwa sababu tayari ilikwisha kueleweka kwamba shule ni njia ya kuukimbia udongo. Sisi leo, tukiwa tunasubiri bumu hosteli, tunaamini hivyo hivyo.

Tarehe 9 Desemba 1962 akawa Rais. Kesho yake, mbele ya Bunge, akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Hoja yake ilikuwa kwamba ukoloni ulitufundisha kuvionea aibu vya kwetu, na nchi isiyo na utamaduni wake haina roho. Akawatania wasomi wenzake: waltz na rumba tunazijua, lakini ni wangapi tunaweza kucheza gombe sugu, mangala au nyang'umumi? Swali hilo lipelekwe leo kwenye bash ya mwaka wa kwanza, tuone nani atanyoosha mkono.

Sasa tuseme ukweli. Mwaka uliofuata, 1963, serikali yake ilifuta utawala wa machifu, kikiwemo kiti alichokalia baba yake. Kisiasa naielewa sababu: taifa jipya halikutaka mamlaka mia moja ndani yake. Lakini sehemu nyingi, Usukuma na Uhaya kwa mfano, nyumba ya chifu ndiyo iliyotunza ngoma kuu, mikuki na viti, na ndiyo iliyoagiza vipya. Mteja mkubwa wa fundi akaondoka, na wizara haikuwa mteja. Iliunda kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo, jambo jema sana. Vinyago vya Wamakonde vikapata soko la watalii na wageni wa serikali, na ile nguzo ya watu waliobebana ikaitwa ujamaa. Yaani kilichopanda jukwaani kilipona, na kilichopanda ndege pia. Chungu cha kupikia ugali Butiama hakipandi jukwaani.

Jembe nalo lilipata mshindani. Miaka ya 1970 majembe ya kiwanda cha Ubungo yalikuwa yanasambazwa nchi nzima, na mhunzi wa kijijini hawezi kushindana na kiwanda cha serikali kwa bei. Halafu ikaja operesheni ya vijiji, 1973 hadi 1976, kaya zikahamishwa. Mfinyanzi anajua udongo wa bonde lake kama mama anavyojua mwanawe. Mhamishe, anza kumhesabia hasara. Ni kweli mwaka 1973 iliundwa SIDO kusaidia viwanda vidogo, na wazo lilikuwa zuri. Mimi nasema tu kwamba mkono uleule uliotaka kuinua ufundi wa asili ndio uliouvuta zulia, na nadhani Mwalimu, mtu aliyekiri hadharani mapungufu ya siasa zake, angekubali kubishana nami hapo.

Kitu alichokifanya mwenyewe, kwa mikono yake, ndicho kilichosimama imara zaidi. Akiwa Rais alikaa usiku akimtafsiri Shakespeare: Juliasi Kaizari ikatoka 1963, Mabepari wa Venisi 1969. Alipong'atuka mwaka 1985 akarudi Butiama kulima, kucheza bao na kuandika tenzi. Bao lile la mbao, mashimo na kete, ni kazi ya fundi pia, na yeye alilitumia. Hakulitundika ukutani.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa nyumbani, Mwitongo. Mwaka huohuo makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Butiama. Ukitoka Bunda unafika Makutano, unakata kulia, na haichukui muda. Ndani kuna vitu vyake, baiskeli yake, daftari zake, na zawadi alizopewa na watu wa kila pembe. Nilipokwenda nilisimama muda mrefu mbele ya zile zawadi za kusukwa na kuchongwa, nikajiuliza ni ngapi kati yake zina mtu aliye hai anayeweza kutengeneza ya pili. Siku hiyohiyo sokoni Musoma niliona ndoo za plastiki zimepangwa mpaka juu, na mama mmoja pembeni ana vyungu vinne. Vinne tu, na vyote vya kuoteshea maua.

Bajeti ya Oktoba ya serikali yetu ya wanafunzi inajadiliwa mwezi huu. Nimeandika barua kuomba nusu ya fungu la fulana liagize vyungu, vigoda na vikapu kwa mafundi wa Mara, viwe zawadi za wageni na za wahitimu, majina ya waliovitengeneza yakiwa yameandikwa chini yake. Waziri wa utamaduni amenijibu kwamba vyungu vitavunjika njiani. Nimemwambia nitavifuata mwenyewe, kwa basi, navipakata.