Thomas wa Canterbury

Thomas Becket, mwana wa mfanya biashara, alizaliwa London karibu na mwaka 1120. Mfalme wa Uingereza, Henry wa Pili, alimpenda sana, akamfanya mshauri wake mkuu. Mwaka 1162 akampa cheo cha Askofu Mkuu wa Canterbury, akidhani ya kuwa rafiki yake atamtii hata katika mambo ya Kanisa.

Lakini Thomas alikataa makasisi wenye makosa wasihukumiwe na mabaraza ya mfalme. Urafiki ukageuka uadui, naye akakimbilia Ufaransa, akakaa huko miaka sita. Aliporudi, mfalme alinena maneno ya hasira juu yake. Basi askari wanne waliosikia wakaenda wakamwua kwa panga ndani ya kanisa lake, tarehe 29 Desemba 1170.

Watu wengi wakaja kuhiji kaburini kwake, wakisimulia kwamba maji yenye tone la damu yake huponya wagonjwa. Mwaka 1174 mfalme mwenyewe alikuja, miguu mitupu, akachapwa fimbo na watawa.

Mwaka 1538 Henry wa Nane aliamuru kaburi livunjwe. Hata hivyo ngazi za mawe, zilizolika kwa miguu na magoti ya mahujaji, zingaliko.